Mwalimu Aliyenipa D

Katika miaka minne niliyosoma chuoni Kitengela, Mwalimu hakuwahi kumpa mtu A. Alama ya juu kabisa kutoka kwake ilikuwa sitini na tisa, moja tu chini ya A, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuililia hiyo sitini na tisa kwenye korido huku wengine wakimwonea wivu. Mimi sikufika huko. Mimi alinipa D. Kwa muda mrefu, nikiwasikia watu wakibishana kama gredi za chuo zina maana yoyote unapoomba kazi ya kompyuta, nilikuwa nainuka na kuondoka, nisije nikasema maneno yasiyomfaa mtu anayeimba kwaya.

Jina lake sitalitaja. Hata sisi hatukulitumia. Kulikuwa na walimu wengine zaidi ya kumi katika lile jengo la ghorofa tatu nyuma ya soko, lakini ukisema "Mwalimu" peke yake kila mtu alijua unamsema yule mrefu wa sweta ya kijivu, aliyetufundisha kuandika programu za kompyuta huku yeye mwenyewe akitembea na kabambe. Simu hiyo ilitukera sana. Sisi tulisomea kuunda programu za simu kubwa, na mwalimu wetu alikuwa na simu ya kupiga na kumulika tu. Tukimcheka, aliiinua juu. "Hii inakaa na chaji siku nne. Yako je?"

Alikuja kila asubuhi kutoka Kisaju, alikofugia ng'ombe wake, akiwa na kidumu cha maziwa kwa ajili ya chai ya walimu. Akiingia darasani alitusalimu kwa Kimaasai, "Sopa!" Nasi, wengi wetu watoto wa Waluhya na Wakikuyu ambao wazazi wao walihamia huku kufuata nyumba za bei nafuu, tulimjibu "Epa!" kwa matamshi yaliyomfanya afumbe macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kisha alifunga mlango. Aliyechelewa alibaki nje.

Amri ya kwanza ilikuwa kuzima kompyuta. Saa nzima tuliandika programu kwa penseli. Alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa penseli alizozichonga mwenyewe kwa kisu. Ukimaliza ulisimama ukaisoma kazi yako kwa sauti, mstari baada ya mstari, kama mtu anayesoma somo kanisani. Na katika kila mstari alikusimamisha.

"Huu unamfanyia nani nini?"

Haikutosha kumwambia mstari unafanya nini. Alitaka umtaje mtu. Kama mstari ulikataa malipo, nani amekataliwa? Kama ulifuta jina, la nani? Niliwahi kumwona kijana mzima, mwenye ndevu, akiomba ruhusa ya kutoka nje kwa sababu ya swali hilo.

Swali lake la pili, ambalo tuliliogopa zaidi, lilitoka zizini. Alituambia kwamba kwao mtu hahesabu ng'ombe. Jioni wakirudi unasimama langoni, unawatazama wakiingia, na unamjua ambaye hajarudi kwa sababu unawajua wote, rangi na pembe na mwendo. "Ukihesabu unaweza pata namba ni sawa," alisema, "na kumbe ng'ombe ya jirani iko ndani na yako iko nje." Kwa hiyo kila programu ilipotoa majibu kwenye kioo, na sisi tukaanza kuhesabu kwa furaha, yeye alisimama nyuma yetu mikono mgongoni.

"Usinihesabie. Nani hayupo?"

Hapo ndipo aliponinasa, mwaka wa tatu. Kila mmoja alitakiwa kuandika programu itakayotoa orodha ya wanafunzi wanaoruhusiwa kufanya mtihani. Sikuiandika. Sina kisingizio, nilikuwa nimependa mtu na kichwa changu kilikuwa kwingine. Usiku wa mwisho nilichukua kazi ya rafiki yangu, nikabadilisha rangi na maneno mawili matatu, nikaenda nayo asubuhi nikiwa nimejipaka mafuta vizuri.

Nikaiendesha mbele ya darasa. Majina yakajipanga safi kwenye kioo.

"Wako wangapi?" Mwalimu akauliza.

"Thelathini na wawili, Mwalimu."

"Na darasa?"

"Thelathini na wawili."

"Sawa. Nani hayupo?"

Nikatazama. Nikapanda na kushuka kwenye ile orodha mara tatu, mkokoteni ukipita nje barabarani. Sikumwona aliyekosekana. Mwalimu akangoja. Alijua kungoja mtu yule.

"Wewe," akasema.

Rafiki yangu alikuwa amemwandika kijana mmoja aliyehama chuo muhula uliotangulia, na mimi akanisahau. Idadi ilikuwa sawa kabisa.

"Mtu anaweza kusahau wengine," Mwalimu akasema polepole. "Kwa programu yako mwenyewe, kujisahau ni ngumu. Nekesa, nani ameandika hii?"

Hakuuliza tena. Akaandika sifuri kwa penseli yake kwenye daftari la alama, na sifuri hiyo ndiyo iliyokuja kuwa D.

Watu wengi walimwona kuwa mkali tu, na hapo walikosea. Siku ukiugua alikuja mpaka kwa ploti yenu, akasimama nje ya geti na kidumu chake, akakataa kuingia. Waliomaliza chuo walimwomba barua za kuwapendekeza kwa waajiri, naye aliandika, ila aliandika na mapungufu yako. Kijana mmoja wa Tuala alipewa barua ya mistari mitatu: ni mwaminifu, hajui kuvipa vitu majina yanayoeleweka, anafundishika. Kijana alitaka kuichana. Mama yake akamkataza, akaipeleka hivyo hivyo, na mwajiri akamchukua kwa sababu ya hilo neno la mwisho. Mwalimu aliposikia hakucheka wala kufurahi. "Na majina?" aliuliza. "Ameanza kuandika yanaeleweka?"

Alitukataza kujisifia gredi. Alisema gredi ni habari ya siku moja, na kazi ni habari ya kila siku. Lakini gredi ya kila mwanafunzi aliijua kwa moyo, hata za waliomaliza zamani, na lile daftari lilikaa kwenye droo yenye kufuli, na ufunguo akautia mfuko wa ndani wa sweta. Mambo hayo mawili sikuweza kuyapatanisha. Ndiyo maana nilipomwendea mwaka wa mwisho nilikwenda nikiwa na uhakika kwamba nimemshika.

Ile D ilikuwa imenivuta chini. Niliponyimwa Second Upper, yaani daraja la pili la juu, nilipungukiwa kidogo sana, maksi tatu katika somo lake zingetosha. Matangazo yote ya kazi tuliyokuwa tukitumiana yalisema Second Upper na zaidi. Baba, karani anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi ofisi ya Nairobi, alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa kwamba binti yake sasa anaingia kazini. Nilimkuta Mwalimu ofisini akichonga penseli.

"Mwalimu, wewe husema gredi ni habari ya siku moja."

"Ndiyo."

"Basi niongezee maksi tatu. Kama ni siku moja tu, itakupunguzia nini?"

"Mimi hainipunguzii kitu. Lakini hiyo siku ilikuwa. Ama ni uongo?"

"Si uongo. Lakini watu wa kazi hawataona siku. Wataona D."

"Basi hao watu hawajui kusoma."

"Lakini ndio wako na kazi!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Mwenzake wa chumba cha pili alichungulia, akarudi. Mwalimu aliweka kisu juu ya meza na kutazama dirishani, upande wa barabara ya Namanga.

"Kunakili, sheria inasema nikupeleke kwa kamati," akasema. "Ungefukuzwa. Sikukupeleka. Hiyo ndiyo nilikuwa naweza. Maksi haziko kwa mkono yangu, Nekesa. Ziko kwa ile siku."

"Mwalimu, tafadhali. Baba yangu..."

"Nenda."

Nililia kutoka mlango wake mpaka ghorofa ya chini, kwa sauti, bila aibu. Nilimchukia. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia miezi minane mizima, nikituma maombi na kupata majibu ya kusikitika, na mengine kutopata hata hayo.

Kisha nikaitwa na kampuni moja ndogo hapa hapa Kitengela, inayotengeneza programu za maajenti wa forodha wa Namanga. Nilikwenda bila matumaini. Tulikuwa kumi na mmoja, mbele ya kompyuta, na dakika kumi baada ya mtihani kuanza stima ikapotea. Bosi, mama mmoja kutoka Nyeri asiyependa kupotezewa muda, akagonga meza. "Mwenye anaweza andika kwa karatasi aandike. Wengine mngoje stima." Wenzangu waliangaliana. Wengi wao walikuwa na gredi za kuning'iniza ukutani, na walingoja. Mimi niliomba penseli. Nilipomaliza, mwili ukasimama wenyewe kabla sijafikiri, nikaanza kumsomea bosi kazi yangu mstari kwa mstari na kumweleza kila mmoja unamfanyia ajenti nini.

"Umefunzwa wapi hii?" akauliza.

Nilimtajia chuo. Mwalimu sikumtaja. Bosi alinipa kazi mchana ule ule, na kwa haraka zake hakuuliza hati ya matokeo. Kwa miaka sita hakuiuliza, nami kwa miaka sita niliomba Mungu asiiulize. Mwalimu sikuwahi kumpigia simu kumwambia asante. Kiburi, na aibu pia.

Mwezi uliopita bosi alitangaza nafasi moja. Alitaka mtu mzima, wa kuwafunza vijana wetu kazi. Maombi yakamiminika, mara yakapita mia mbili.

"Nekesa, hizi mimi siwezi soma zote," aliniambia. "Chuja na gredi. Second Upper kuenda juu. Wengine watumiwe regret mara moja, wasikae wakingoja. Ijumaa saa kumi na moja jioni nataka majina kwa meza yangu."

Nilijua ninachopaswa kusema. Ningemwambia kwamba tungechuja hivyo miaka sita iliyopita, kiti hiki angekikalia mtu mwingine. Lakini nikisema hivyo atauliza, kwani wewe ulipata nini? Nikasema, "Sawa, Madam." Nikaandika mstari mmoja wa chujio, na barua moja ya kusikitika, ya heshima kabisa. Nikavijaribu kwa watu wa kubuni. Nikahesabu. Idadi ilikuwa sawa.

Ijumaa saa tisa na nusu mlinzi akanipigia kutoka mapokezi. "Kuna mzee hapa. Anasema hatoki mpaka aone mwenye aliandika hii barua."

Nilishuka nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa amekaa kwenye benchi, karatasi iliyochapwa mkononi, amekonda, na sweta ni ile ile.

"Nekesa?" akasimama. "Wewe uko hapa?"

"Niko hapa, Mwalimu."

"Sopa."

"Epa."

Akafumba macho kidogo.

Nilimpandisha ofisini kwangu nikamwekea kiti. Chuo kilikuwa kimefunga kampasi yetu mwaka jana, alinieleza, na ng'ombe amebaki nao wachache baada ya kiangazi. Bado alitaka kufundisha. Aliliona tangazo kwenye simu ya binti yake, akaomba Jumanne. Kisha akaiweka ile karatasi mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Sikuja kulia. Kukataliwa ni kawaida. Lakini nilituma saa nne na dakika kumi asubuhi. Jibu likakuja saa nne na dakika kumi. Nataka tu kujua nani alisoma."

"Ni mfumo, Mwalimu," nikasema.

"Mfumo umeandikwa na nani?"

Alingoja kama alivyongoja mwaka wa tatu. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi.

"Ni mimi."

Hakushtuka. Alivuta kiti mbele. "Soma."

Nikafungua kompyuta nikamsomea mstari wangu kwa sauti. Kama gredi iko chini ya Second Upper, tuma barua, funga ombi.

"Unamfanyia nani nini?"

"Unamfungia nje mtu mwenye gredi ya chini, kabla hajasomwa."

"Mimi niko na Pass, ile ya chini kabisa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja saizi ya kiatu chake. "Mwaka wa mwisho kulikuwa na kiangazi mbaya. Nikahamisha ng'ombe mpaka huko Namanga, mitihani mbili zikanipita. Ng'ombe zilipona." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hapo kuna watu wangapi wamepita?"

"Mia na thelathini na nane."

"Sitaki namba. Nani hayupo?"

"Ni wewe, Mwalimu. Pole. Pole sana."

"Mimi niko hapa mbele yako. Angalia tena."

Nikatazama orodha, majina mia na thelathini na nane ya watu nisiowajua. Simu ya mezani ikalia, nilijua ni bosi, sikuipokea. Na pale pale, nikiwa mtu mzima mwenye mshahara na kiti cha kuzunguka, nikamwona asiyekuwepo. Nilifungua fomu ya maombi. Nikaandika jina langu, kazi zangu za miaka sita, na mahali pa gredi nikaandika, kwa mara ya kwanza katika jengo hili, Second Lower. Nikatuma.

Simu yangu ya mkononi ikatetemeka juu ya meza kabla sijaondoa kidole.

"Imesema nini?" Mwalimu akauliza.

Nikasimama nikamsomea. "Ndugu Nekesa, tunashukuru kwa kupendezwa na kampuni yetu. Tumelisoma ombi lako kwa makini. Tunasikitika..." Nilishindwa kuimaliza.

"Hii ni mara ya pili unajisahau," akasema. Hakusema kwa ukali. Nadhani ndiyo sababu nililia.

Nilifuta ule mstari akiwa anaona. Kisha nikampigia bosi.

"Madam, majina hayatakuwa tayari leo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mimi niko na Second Lower. Hiyo chujio ingenitupa nje. Nataka kuzisoma zote."

Nilisikia kalamu yake ikigonga meza, mara moja, mara mbili. Nilifikiria baba, na kodi ya nyumba, na watu wa kanisa.

"Second Lower," bosi akarudia.

"Ndiyo."

"Na umenyamaza miaka sita." Kalamu ikagonga tena. "Jumatatu asubuhi, Nekesa. Na usome wewe mwenyewe, usinipatie mashine. Hiyo ingine tutaongea."

Nilipoweka simu chini Mwalimu alikuwa ameshasimama. Nikamwambia akae, nimletee chai, ya maziwa.

"Mimi naomba kazi hapa. Siwezi kaa nikinywa chai yako ukisoma watu." Alikunja ile karatasi akaitia mfuko wa ndani, ule wa ufunguo. "Na yangu isiruke laini. Ifike na zamu yake."

"Nimekuelewa, Mwalimu. Ashe oleng."

Hiyo asante ilikuwa imechelewa miaka sita. Alifumba macho kidogo, akaenda.

Nilisoma Jumamosi yote, na Jumapili nilikosa kanisa. Wapo wenye gredi kubwa wanaojua kazi, na wapo wenye gredi kubwa ambao sikuona kitu kingine nyuma yake. Wapo wa Pass walioandika mambo yaliyonifanya nisimame na kuzunguka chumba. Ombi la Mwalimu lilikuwa la mia mbili themanini na saba, na nililifikia Jumapili alasiri.

Katika fomu ile kulikuwa na swali nililolitunga mwenyewe, nikalisahau, kwa sababu chujio halikulisoma: taja uamuzi mmoja wa kazi ambao bado unaufikiria. Wengi waliandika kuhusu miradi. Yeye aliandika hivi, Jumanne, kabla hajajua niko wapi:

"Nilimpa mwanafunzi D aliyostahili. Alikuja kuniomba maksi tatu, nikakataa. Nikamsikia akilia mpaka ghorofa ya chini. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Sijui kama alifika mahali. Bado sijui kama nilifanya vizuri."

Chini yake kulikuwa na nafasi ya maoni ya msomaji. Nikaandika: aitwe kwa mtihani, uwe wa penseli. Na mwanafunzi alifika.

Nikafungua ombi la mia mbili themanini na nane.